Alabama baada ya Saban: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashabiki na kocha Kalen DeBoer

Tarehe 10 Januari 2024 Nick Saban alistaafu ukocha wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Alabama. Siku 2 baadaye chuo kikamtangaza Kalen DeBoer kurithi mikoba yake. Tangu hapo, sisi tunaoishi huku kusini mwa Marekani na jamaa zetu wanaofuatilia kutoka nyumbani tumekuwa tukiulizana mambo yale yale. Kocha anashinda mechi nyingi kuliko anazopoteza, mbona anazomewa? Mbona wachezaji waliondoka kabla hata hajafungua begi? Majibu haya nimeyaandika kama shabiki wa timu hii, kwa hiyo usitegemee nikae katikati kwenye kila jambo.

Hii si timu ya wanafunzi tu? Kelele zote hizi za nini?

Wanaocheza ni wanafunzi, lakini timu ni ya jimbo zima. Alabama haina klabu hata moja kwenye NFL, ligi ya kulipwa, hivyo mapenzi yote ya watu wake yameelekea kwenye vyuo viwili: Alabama, iliyoko mji wa Tuscaloosa, na watani wake wa jadi Auburn. Mechi yao ya kila mwaka inaitwa Iron Bowl, huchezwa mwishoni mwa Novemba, na hugawa familia na makanisa hadi ofisi. Uwanja wa Bryant-Denny unaingiza watu zaidi ya 100,000 na wengi wanaoujaza hawajawahi kukaa darasani chuoni hapo. Ni mafundi bomba, manesi, wachungaji, madereva wa malori. Baba alimleta mtoto, mtoto naye sasa analeta wajukuu.

Tena kuna fedha. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa timu ya chuo. Gavana hamfikii. Mkataba aliokuja nao DeBoer mwaka 2024 ulikuwa wa miaka 8 na thamani yake dola milioni 87. Mtu akilipwa hivyo, kila fundi bomba anaona ana haki ya kumkagua.

Saban alifanya nini hasa mpaka watu wakalia alipoondoka?

Alitwaa ubingwa wa taifa mara 6 akiwa na Alabama: misimu ya 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020. Kabla ya hapo aliutwaa mwaka 2003 akiwa na LSU, chuo cha jimbo la Louisiana. Jumla 7, na hakuna kocha mwingine wa zama za sasa aliyefika hapo.

Hata hivyo, mataji peke yake hayaelezi kilio kile. Elewa timu ilikuwa wapi kabla yake. Baada ya kocha Paul "Bear" Bryant, aliyeiongoza timu kuanzia 1958 hadi 1982 na kuipa mataji 6, Alabama ilipita mikononi mwa makocha wengi. Gene Stallings alileta taji la 1992, kisha mambo yakayumba. Mwaka 2003 kocha mmoja, Mike Price, alifutwa kazi kabla ya kuongoza mechi hata moja. Desemba 2006 Rich Rodriguez alipewa kazi akaikataa, na jimbo zima likaona aibu. Ndipo Januari 2007 Saban akaja kutoka Miami Dolphins, klabu ya NFL. Aprili ile mechi ya mazoezi, timu ikicheza yenyewe kwa yenyewe, ilijaza watu 92,138. Mazoezi!

Kijana wa Alabama aliyezaliwa mwaka 2000 hakumbuki timu yake ikiwa dhaifu. Saban alipobwaga manyanga, kijana huyo alipoteza kitu ambacho hakujua kwamba kinaweza kupotea.

Na huyu DeBoer katokea wapi?

Milbank, mji mdogo wa South Dakota. Alicheza katika Chuo Kikuu cha Sioux Falls, chuo kidogo ambacho wapenzi wengi wa mchezo huu wasingeweza kukionyesha kwenye ramani, kisha akawa kocha mkuu hapo hapo kuanzia 2005 hadi 2009. Alishinda mechi 67, akapoteza 3, akabeba ubingwa wa taifa wa daraja lao mara 3. Baadaye akapanda ngazi moja moja akiwa kocha wa mashambulizi, mpaka Fresno State ikamfanya kocha mkuu, na baada yake Washington, chuo cha mjini Seattle.

Washington aliikuta imetoka kushinda mechi 4 na kupoteza 8. Katika misimu yake 2 ilishinda 25 na kupoteza 3. Msimu wa 2023 aliifikisha fainali ya taifa, iliyochezwa tarehe 8 Januari 2024, ikalala kwa Michigan 34-13. Alipomwaga wino Alabama, rekodi yake yote akiwa kocha mkuu ilikuwa ushindi 104 na vipigo 12.

Rudia kuisoma namba hiyo. Wapo waliosema chuo kimemchukua mtu asiyejulikana. Hawakuisoma.

Mashabiki walimpokea vipi siku ya kwanza?

Vizuri zaidi kuliko watu wanavyokumbuka leo. Mkurugenzi wa michezo, Greg Byrne, alikuwa amewaomba wachezaji wampe saa 72 atafute kocha, na alimaliza kazi kabla muda haujaisha. Katika saa hizo watu walikuwa wakifuatilia safari za ndege binafsi kwenye simu zao: ndege gani imeruka kutoka mji gani, inaelekea wapi, imegeuza au haijageuza. Ni desturi ya huku. Kila chuo kikubwa kikitafuta kocha, mashabiki wanageuka kuwa waongoza ndege. DeBoer alipotua Tuscaloosa usiku wa tarehe 12 Januari, alikuta umati umeshafika uwanja wa ndege na baridi yake, unapiga kelele za "Roll Tide", salamu na wito wa timu hii.

Kwa hiyo si kweli kwamba alikataliwa. Kilichokuwapo ni msiba. Watu walikuwa wakimshangilia mgeni huku macho mekundu kwa ajili ya aliyeondoka, na hali hizo mbili zilikuwa ndani ya mtu yule yule. Ukiwasikiliza wapiga simu kwenye vipindi vya redio wiki ile, mtu alianza kwa kumkaribisha DeBoer, katikati akaanza kusimulia alikuwa wapi siku Alabama ilipotwaa taji la 2009, akamaliza sauti imekatika. Hapo hakuna cha kumlaumu kocha mpya wala shabiki.

Naamini hilo ndilo lililowapotosha wengi baadaye. Maoni ya siku ya kwanza yanakueleza habari za anayeondoka. Ya anayekuja hayajaanza.

Ni kweli walikuwa wanamtaka mtu mwingine?

Baadhi, ndiyo. Jina la Dan Lanning wa Oregon lilivuma sana mpaka mwenyewe akatoa video kusema haendi popote. Steve Sarkisian wa Texas, aliyewahi kuwa msaidizi wa Saban, alitajwa. Mike Norvell wa Florida State alitajwa, akaongezewa mkataba huko huko. Kwa miaka mingi wazee walikuwa wakimtaja pia Dabo Swinney wa Clemson, kwa kuwa alicheza kwenye kikosi cha Alabama kilichobeba taji la 1992, ingawa kufikia 2024 nyota yake ilikuwa imefifia machoni mwa wengi.

Wanaosema "si mtu wa kusini" wana maana gani?

Maana yao ni usajili. Vijana wengi wenye vipaji vikubwa vya mchezo huu hutoka Alabama, Georgia, Florida, Louisiana na Texas, na kocha huwapata kwa kukaa sebuleni na mama zao, kula chakula chao, kujua jina la kocha wao wa shule ya sekondari na la mchungaji wao. Hofu ilikuwa kwamba mtu wa South Dakota, aliyefanya kazi miaka mingi magharibi, hana mizizi hiyo.

Hofu yenyewe ina msingi, lakini hoja ya kuzaliwa haina. Bear Bryant alizaliwa Arkansas. Saban alizaliwa West Virginia, mtoto wa mji wa machimbo, na alipofika Tuscaloosa hakuna aliyemuuliza kuhusu lafudhi yake baada ya kuanza kushinda. Halafu mtazame Ryan Williams. Ni kijana wa Saraland, Alabama, mmoja wa washambuliaji waliosakwa kuliko wote nchini. Alikuwa ameahidi kuja kucheza chini ya Saban. Saban alipostaafu, akaifuta ahadi yake. DeBoer na wasaidizi wake wakamfuata, na kabla Januari haijaisha kijana akarudi. Msimu ule akicheza na umri wa miaka 17 alifanya mambo ambayo nitayataja hapo chini.

Kwa nini wachezaji wengi waliondoka?

Kanuni za wakati ule ziliwaruhusu. Kocha mkuu akiondoka, wachezaji wa timu yake walipewa siku 30 za kuingia kwenye soko la uhamisho na kwenda chuo kingine bila kukaa nje msimu. Zaidi ya hapo, tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, kwa hiyo kuhama kunaweza kumbadilishia maisha yeye na familia yake.

Aliyeuma zaidi ni Caleb Downs, beki kijana ambaye tayari alikuwa bora kikosini, aliyekwenda Ohio State na kutwaa ubingwa wa taifa huko msimu uliofuata. Isaiah Bond, aliyedaka mpira wa mwisho ulioizamisha Auburn mwezi Novemba 2023, alikwenda Texas. Kadyn Proctor alirudi kwao Iowa, halafu baada ya wiki chache akarejea Alabama.

Mashabiki waliwaita wasaliti. Mimi sikubaliani nao. Vijana hawa walisajiliwa na mtu mmoja, kwa ahadi za mtu mmoja, na mtu huyo ameondoka. Kama kocha anaruhusiwa kuhama siku 4 baada ya kucheza fainali, mchezaji wa miaka 19 naye aachwe achague.

Na mashabiki wa Washington? Wao walijisikiaje?

Waliumia sana, na wana haki. Jumatatu timu yao ilicheza fainali ya taifa. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo kocha wao alikuwa ameshapanda ndege. Kwotabeki wao, Michael Penix Jr., mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira, alikuwa akienda NFL, na wengine wengi walikuwa wakimaliza. Kwa hiyo katika wiki moja walipoteza fainali, kocha na kikosi. Alabama iliilipa Washington dola milioni 12 kwa kuvunja mkataba wake, lakini fedha hizo haziendi mfukoni mwa shabiki aliyenunua jezi.

Halafu tazama jinsi maumivu yalivyosafiri. Washington ikamchukua Jedd Fisch kutoka Arizona, ambako alikuwa ametoka kuijenga timu kutoka chini. Arizona ikamchukua Brent Brennan kutoka San Jose State. San Jose State ikamchukua Ken Niumatalolo. Mzee mmoja alistaafu Tuscaloosa na ndani ya mwezi mmoja mashabiki wa vyuo vitatu vya magharibi, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, wakawa wanatafuta kocha. Sisi mashabiki wa timu kubwa huwa tunasahau upande huo. Furaha yetu ya uwanja wa ndege, kwa mwingine ilikuwa matanga.

Nini kilitokea na Vanderbilt? Kila mtu anaitaja.

Hapo ndipo hali ya hewa ilipochafuka, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Tarehe 28 Septemba 2024 Alabama iliikaribisha Georgia, timu iliyokuwa ikihesabiwa tishio kuliko zote. Alabama ikaongoza 28-0 mapema. Georgia wakarudi kidogo kidogo mpaka dakika za mwisho wakapita mbele 34-33. Mchezo uliofuata, mpira ukarushwa upande wa kulia kwa yule Ryan Williams wa miaka 17. Akaudaka, akazunguka katikati ya mabeki wawili, wakabaki wameshika hewa, akakimbia mpaka mwisho. Yadi 75. Alabama ikashinda 41-34. Usiku ule hakuna aliyekuwa akimtaja Saban. Timu ikapanda namba moja nchini.

Wiki moja baadaye, tarehe 5 Oktoba, ikaenda Nashville kucheza na Vanderbilt. Chuo hicho ni maarufu kwa masomo. Kwenye futiboli kilikuwa kimezoea kufungwa. Hakikuwa kimeifunga Alabama tangu 1984. Hakikuwa kimewahi katika historia yake kuifunga timu iliyo kwenye tano bora. Kwotabeki wao, Diego Pavia, alikuwa amehamia kutoka New Mexico State. Walishika mpira kwa zaidi ya dakika 42 kati ya 60, wakiula muda taratibu, wakipata yadi wanazozihitaji kila walipozihitaji. Mabeki wa Alabama walichoka kwa kusimama uwanjani. Mwisho 40-35.

Mashabiki wa Vanderbilt wakavamia uwanja, wakang'oa mlingoti wa goli, wakautoa nje, wakaubeba mabegani kupitia katikati ya jiji, mtaa wa Broadway wenye mabaa ya muziki, watalii wakipiga picha, mpaka mto Cumberland, wakautumbukiza. SEC, ligi ya vyuo ambayo Alabama na Vanderbilt huchezea, ikakitoza chuo faini ya dola 100,000.

Kwa shabiki wa Alabama kipigo kile kilikuwa na ladha ya pekee. Kufungwa na Georgia kunaelezeka. Kufungwa na Vanderbilt, chini ya Saban, hakukuwahi kutokea. Ndiyo maana kuanzia siku ile kila kosa la DeBoer likaanza kupimwa kwa swali moja: "Hili lingetokea kwa Saban?"

Kwa hiyo jibu ni lipi? Yangetokea kwa Saban?

Yalitokea. Novemba 2007, msimu wake wa kwanza, Alabama ilifungwa nyumbani na Louisiana-Monroe, chuo kidogo, 21-14. Msimu ule ulimalizika kwa ushindi 7 na vipigo 6. DeBoer katika msimu wake wa kwanza alipata 9 na 4.

Lakini nisiwe mwanasheria wa upande mmoja. Saban alirithi timu iliyochoka. DeBoer alirithi ghala lililojaa. Na mbali na Vanderbilt, timu ilipoteza pia kwa Tennessee 24-17, kisha Novemba ikaenda Oklahoma ikalala 24-3 bila kuvuka mstari wa goli hata mara moja. Kipigo cha Oklahoma ndicho kilichoifungia mlango wa mchujo wa ubingwa, ambao mwaka ule kwa mara ya kwanza ulikuwa na timu 12. Ikaishia kufungwa na Michigan 19-13 siku ya mwisho ya mwaka. Anayesema timu ilikuwa ikicheza kwa nguvu mbele ya wakubwa na kulegea mbele ya wadogo anasema ukweli uliokuwa ukionekana kwa macho.

Zamani waliwahi kumtendea vibaya kocha mwingine?

Ndiyo, na ni vizuri ijulikane. Mwaka 1988 kocha Bill Curry alifungwa na Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi) nyumbani, wikiendi ambayo wahitimu wa zamani hurudi chuoni, na mtu akarusha tofali likavunja dirisha la ofisi yake. Mwaka uliofuata alishinda mechi 10 na kugawana ubingwa wa SEC. Hata hivyo hakuwahi kuifunga Auburn katika miaka yake 3, na alikuwa mhitimu wa Georgia Tech, si wa Alabama. Akafungasha akaenda Kentucky. Kabla yake, Ray Perkins, aliyempokea Bryant moja kwa moja, alikuwa kijana wa nyumbani aliyechezea timu hii hii, na bado alielemewa na kivuli cha mzee.

Wanaodhani DeBoer angependwa zaidi kama angekuwa mzaliwa wa Alabama wamuulize Perkins wa 1984, aliyemaliza na ushindi 5 na vipigo 6.

Mashabiki wana nguvu ya kweli ya kumzuia au kumfukuza kocha?

Kumzuia, inawezekana. Mfano ni jirani zetu Tennessee. Tarehe 26 Novemba 2017 zilivuja habari kwamba chuo kinakaribia kumchukua Greg Schiano. Ndani ya saa chache mashabiki wakaandamana, wakaandika ujumbe kwenye lile jiwe kubwa la chuoni linalopakwa rangi, na wanasiasa wa jimbo nao wakaingia. Wengine walipinga rekodi yake. Wengine walitaja madai kuhusu miaka yake ya usaidizi huko Penn State, madai ambayo yeye aliyakana na hakuwahi kushtakiwa kwayo. Jioni ile ile chuo kikarudi nyuma. Siku chache baadaye mkurugenzi wa michezo, John Currie, akatimuliwa. Kazi ikaenda kwa Jeremy Pruitt, aliyekuwa kocha wa ulinzi wa Alabama, na Januari 2021 naye akafukuzwa kufuatia uchunguzi wa ukiukaji wa kanuni za usajili. Mashabiki walishinda siku moja na kupoteza miaka 3.

Kumfukuza ni habari nyingine, na hapo sauti kubwa ni ya mikataba. Kocha akifukuzwa bila kosa, chuo kinaendelea kumlipa sehemu kubwa ya kilichobaki. Novemba 2023 Texas A&M ilimwondoa Jimbo Fisher kwa fidia ya zaidi ya dola milioni 75. Fedha za namna hiyo hutoka kwa matajiri wachache wenye mapenzi na timu, na matajiri hao hao ndio wanaoombwa kila mwaka wachangie malipo ya wachezaji. Tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kikomo kikianzia dola milioni 20.5 kwa mwaka. Dola ikienda kwa kocha anayekaa nyumbani, haiendi kwa beki unayemtaka.

Ni kama Manchester United baada ya Ferguson?

Hili ndilo swali la watu wa nyumbani, na linafaa. Ferguson alistaafu 2013, David Moyes akapewa mkataba wa miaka 6, akatupiwa virago kabla ya msimu wa kwanza kuisha. Tofauti ni kwamba Moyes alikuja bila kombe kubwa mkononi, na DeBoer alikuja akitokea fainali. Tofauti nyingine ni subira: Alabama haikumfukuza. Wenye umri wa kukumbuka jinsi United ilivyobadilisha makocha baada ya Moyes wataelewa kwa nini naona subira hiyo ni ya busara, hata kwa wasioridhika.

Msimu wa pili ulikwendaje?

Ulianza kwa balaa. Tarehe 30 Agosti 2025 Alabama ilifungwa 31-17 na Florida State, timu iliyokuwa imeshinda mechi 2 tu mwaka uliotangulia. Wiki ile madai ya kumfukuza yalisikika kila mahali, na safari hii hata watulivu walinyamaza badala ya kumtetea. Mechi iliyofuata iliikuta Louisiana-Monroe, ile ile ya 2007, ikaipiga 73-0. Kisha mwisho wa Septemba ikaenda Athens, mji wa Chuo Kikuu cha Georgia, na kuifunga Georgia 24-21, timu ambayo ilikuwa imeshinda mechi 33 mfululizo uwanjani kwake. Ikalipa kisasi kwa Vanderbilt 30-14. Ikaingia kwenye mchujo wa ubingwa, ikaifunga Oklahoma kwao 34-24 baada ya kutanguliwa 17-0, halafu siku ya mwaka mpya wa 2026 Indiana ikaisambaratisha 38-3 kwenye Rose Bowl, mechi ya hatua iliyofuata ya mchujo.

Kwa hiyo ukikutana na mashabiki wawili wa Alabama, mmoja akisema kocha anapanda na mwingine akisema ametufikisha mwisho, wote wameangalia msimu ule ule.

Nimehamia Alabama juzi juzi. Nikiulizwa kazini namuonaje DeBoer, nijibu nini?

Kwanza jua unaongea na nani. Mwenye kofia nyekundu iliyoiva yenye herufi A ni wetu, na salamu yake ni "Roll Tide". Mwenye bluu iliyokolea na rangi ya chungwa ni wa Auburn, na yeye husema "War Eagle". Ukichanganya salamu hizo hakuna atakayekupiga, ila utakumbukwa kwa muda mrefu.

Pili, usianze na Saban. Mgeni akimtaja Saban, mwenyeji anasikia msiba wake unaguswa na mtu ambaye hakuwepo mazishini. Muulize yeye alikuwa uwanjani mara ya mwisho lini na alikwenda na nani. Atakueleza habari za babu yake, tiketi zilizorithiwa, na nyama waliyochoma kwenye maegesho tangu asubuhi. Habari za DeBoer atazifikia mwenyewe, na pengine mwisho wake atakualika. Ukialikwa, nenda. Beba kitu cha kula cha kuchangia. Sambusa, kwa uzoefu wangu, huisha kabla ya mbavu za nguruwe.

Wewe binafsi unataka abaki?

Ndiyo. Sitaki abaki kwa huruma. Rekodi yake tangu Sioux Falls inaonyesha mtu anayejua kujenga, na kuifunga Georgia mara 2 katika misimu 2, mara moja kwao, si kazi ya bahati. Ninachomdai ni mbio za chini. Msimu wa 2025 timu haikuweza kukimbia na mpira mikononi ilipohitaji yadi 2, na timu isiyopata yadi 2 kwa nguvu itafungwa na yeyote mwenye uvumilivu, kama Vanderbilt walivyotufundisha. Hilo linarekebishwa kwa kusajili na kuwafunza vijana wakubwa wa mstari wa mbele, wale ambao hakuna anayenunua jezi zao. Mechi ya kwanza ya msimu ujao nitawatazama hao kabla ya kuangalia ubao wa matokeo.